Magitaa Yaliyofutwa: Nani Mwenye Haki ya Kubadili Rekodi za Roki?

Wasikilizaji wengi wa muziki wa roki huichukulia rekodi kuwa ushahidi wa kile kilichopigwa na wanamuziki waliotajwa kwenye jalada lake, lakini historia ya studio za Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1960 inaonyesha kuwa ushahidi huo umehaririwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Sehemu za gitaa zilizopigwa na mwanabendi mmoja zimefutwa na kupigwa upya na mwingine, wakati mwingine na mtu asiyekuwa mwanabendi kabisa, na mara nyingi jina la aliyepiga halikuandikwa popote. Uchambuzi huu unachunguza sababu zilizoleta mabadiliko hayo, mamlaka yaliyoyaruhusu, na deni linalobaki kwa mpigaji aliyeondolewa na kwa msikilizaji. Hoja yake kuu ni kwamba kubadilisha sehemu kabla rekodi haijatoka ni kazi halali ya usanii, mradi waliopiga watajwe, ilhali kuibadilisha baada ya kutoka ni kuigusa historia yenyewe, na jambo hilo halikubaliki isipokuwa toleo la awali linaendelea kupatikana.

Ili suala hili lieleweke, ni lazima kwanza kutofautisha kazi za magitaa katika bendi. Gitaa la solo ndilo linaloongoza na kuimba peke yake waimbaji wanapopumzika. Gitaa la rithimu hushika mapigo na mfuatano wa sauti zinazoubeba wimbo. Na gitaa la besi, lenye nyuzi nene na sauti nzito, huunganisha magitaa mengine na ngoma. Solo hubadilishwa mara nyingi kwa sababu ndiyo inayosikika na kukumbukwa zaidi, na kwa hiyo udhaifu wake huonekana upesi. Besi hubadilishwa kwa sababu tofauti kabisa, yaani wenye rekodi huamini kwamba msikilizaji wa kawaida hatatambua. Rithimu, ambayo imefumwa ndani ya kila kipengele cha wimbo, ndiyo ngumu kuiondoa, na ndiyo maana imedumu hata pale aliyeipiga alipofukuzwa.

Mabadiliko hayo yote yaliwezeshwa na teknolojia ya kurekodi kwa njia nyingi, ambamo kila ala huwekwa kwenye njia yake katika kanda moja, ikaweza kusikilizwa, kupunguzwa au kufutwa bila kuzigusa nyingine. Kabla ya hapo bendi ilipiga yote kwa pamoja, na kosa la mmoja liliwalazimu wote kurudia. Mpiga gitaa Les Paul alipata mashine ya Ampex yenye njia 8 mwaka 1957, lakini studio nyingi zilichelewa kuifuata; The Beatles, kwa mfano, walirekodi albamu ya "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" ya mwaka 1967 kwa mashine za njia 4. Katika miaka ya 1970 njia ziliongezeka hadi 16 na 24. Tofauti hiyo ya idadi si jambo dogo, kwani pale njia zilipokuwa chache solo mpya ililazimika kurekodiwa juu ya ile ya zamani, nayo ikapotea kabisa, na pale zilipoongezeka solo iliyokataliwa ilibaki kimya ndani ya kanda, ikingoja mtu wa kuiinua tena miaka mingi baadaye.

Sababu ya kwanza ya kubadilisha wapigaji ilikuwa muda na fedha. Saa za studio zililipiwa, na watayarishaji, yaani wasimamizi wa kazi ya kurekodi, hawakuwa tayari kuwasubiri vijana wasio na uzoefu wakati walikuwepo wanamuziki wa kukodiwa wenye uwezo wa kukamilisha wimbo kwa muda mfupi. The Byrds waliporekodi "Mr. Tambourine Man" jijini Los Angeles mwezi Januari 1965, mtayarishaji Terry Melcher alimruhusu Roger McGuinn pekee kupiga ala, yaani gitaa lake la nyuzi 12, huku ala zilizobaki zikipigwa na wanamuziki wa studio wakiwemo Larry Knechtel kwenye besi na Hal Blaine kwenye ngoma. David Crosby, aliyekuwa mpiga rithimu wa bendi, aliimba tu. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza, na wanabendi waliruhusiwa kupiga ala zao wenyewe katika sehemu kubwa ya albamu iliyofuata. Huko Uingereza mtayarishaji Shel Talmy alimwita Jimmy Page, wakati huo kijana wa kukodiwa, apige rithimu katika "I Can't Explain" ya The Who mwishoni mwa mwaka 1964. Usiri wa desturi hiyo ulizaa pia uvumi usio wa haki: kwa miaka mingi ilisemwa kwamba solo ya "You Really Got Me" ya The Kinks, ya mwaka 1964, ilipigwa na Page, ilhali aliyeipiga ni Dave Davies. Kwa hiyo kutotajwa kwa waliopiga kunawadhuru hata wale waliopiga kweli, kwa sababu msikilizaji aliyekwisha kudanganywa mara moja huanza kushuku kila jina.

Katika miaka ya 1970 desturi hiyo ilihamia kwenye bendi zilizokwisha kupata umaarufu. Wapiga gitaa wawili, Steve Hunter na Dick Wagner, walipiga katika rekodi kadhaa ambazo umma ulidhani ni kazi ya wanabendi wenyewe. Katika albamu ya "Billion Dollar Babies" ya Alice Cooper, iliyotoka mwaka 1973, waliziba pengo la mwanabendi Glen Buxton, ambaye uwezo wake ulikuwa umepungua. Na katika "Train Kept A-Rollin'" ya Aerosmith, kwenye albamu ya "Get Your Wings" ya mwaka 1974, solo zilikuwa zao ingawa jalada lilinyamaza. Mwaka 1976 mtayarishaji Bob Ezrin, ambaye pia ndiye aliyekuwa nyuma ya kazi za Alice Cooper, alimtumia Wagner kwenye wimbo wa "Sweet Pain" katika albamu ya "Destroyer" ya Kiss, na solo ya mwanabendi Ace Frehley ikawekwa kando. Kimuziki ni vigumu kuilaumu kazi ya Hunter na Wagner, kwa kuwa walikuwa mafundi wa kweli. Lawama iko kwenye ukimya, ambao uliwanyima sifa wao waliopiga na kumvisha mwingine sifa asiyoiomba, kisha kumwacha akihukumiwa jukwaani kila usiku kwa kipimo cha kazi isiyo yake.

Hata hivyo si kila badiliko lilikuwa la dhuluma, na mifano ya The Beatles inaonyesha namna ridhaa inavyolibadilisha tendo lilelile. Solo ya "Taxman", wimbo wa George Harrison katika albamu ya "Revolver" ya mwaka 1966, ilipigwa na Paul McCartney, mpiga besi wa bendi. Na tarehe 6 Septemba 1968 Harrison mwenyewe alimleta rafiki yake Eric Clapton studioni apige solo ya "While My Guitar Gently Weeps". Katika hali zote mbili mtunzi wa wimbo alikuwepo, na mwaliko wa Clapton ulitoka kwake mwenyewe. Mfano wa "Let It Be" unafundisha zaidi, kwani Harrison alijibadilisha yeye mwenyewe: alirekodi solo moja tarehe 30 Aprili 1969 na nyingine tarehe 4 Januari 1970, na kwa kuwa zote mbili zilihifadhiwa, santuri ya wimbo mmoja iliyotoka Machi 1970 ikabeba ya kwanza, na albamu iliyochanganywa na Phil Spector ikabeba ya pili, yenye makali zaidi. Mashabiki wanaozilinganisha hawajapoteza chochote. Wamepata fursa ya kuisikia akili ya mpigaji mmoja ikifanya maamuzi mawili juu ya wimbo uleule.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya wanabendi wakati kazi ya kurekodi ikiendelea. David Knopfler alipojitoa Dire Straits mwaka 1980, albamu ya "Making Movies" ikiwa bado studioni, sehemu zake za gitaa zilipigwa upya na kaka yake, Mark, na jina la David halikuonekana kwenye orodha ya wapigaji. Def Leppard walifuata njia nyingine walipomwondoa Pete Willis mwaka 1982 wakati wa kurekodi "Pyromania": rithimu alizokwisha kupiga zilibakizwa, Phil Collen akaongeza solo, na wote wawili wakatajwa. Mfano wa kuheshimika zaidi ni wa Thin Lizzy. Gary Moore alikuwa amepita katika bendi hiyo kwa muda mfupi mwaka 1974 na kuacha solo katika wimbo wa "Still in Love with You"; wakati wa kutengeneza albamu ya "Nightlife" mwaka huohuo, mpigaji mpya Brian Robertson alikataa kuirekodi upya kwa sababu aliona haiwezi kuboreshwa. Kijana aliyekuwa na kila sababu ya kujitafutia jina alitambua kwamba kazi njema ya mwenzake ni mali ya wimbo, na ushiriki wa Moore ukabaki ndani ya albamu.

Pale ambapo umoja wa bendi umevunjika, kubadilisha gitaa huwa chombo cha kuonyesha nani mwenye amri. Albamu ya "Union" ya Yes, iliyotoka mwaka 1991, ilikusudiwa kuunganisha makundi mawili yaliyodai urithi wa bendi hiyo, lakini mtayarishaji Jonathan Elias alimwita Jimmy Haun, mwanamuziki wa studio, na sehemu nyingi za mpiga gitaa Steve Howe zikabadilishwa. Howe na mpiga kinanda Rick Wakeman wameilalamikia kazi hiyo hadharani. Bendi ya Guns N' Roses ilikumbwa na jambo la aina hiyo mwaka 1994, pale gitaa la Paul Tobias lilipoongezwa juu ya kazi ya mpiga gitaa Slash katika wimbo wa "Sympathy for the Devil" bila yeye kujua. Slash ameeleza kuwa tukio hilo lilichangia kuondoka kwake, naye aliondoka mwaka 1996. Hata mgeni mwenye heshima hakunusurika, kwani Brian May wa Queen alirekodi solo kwa ajili ya wimbo wa "Catcher in the Rye" mwaka 1999, lakini albamu ya Guns N' Roses ya "Chinese Democracy" ilipotoka mwaka 2008 solo hiyo haikuwemo. Mifano hii inadhihirisha kwamba mwenye kauli ya mwisho studioni ni yule anayeimiliki kanda mama, yaani ile ya kwanza ambayo nakala zote hutokana nayo, au anayemwakilisha mmiliki huyo. Ustadi wa mpigaji haumpi kinga yoyote.

Soko nalo limekuwa sababu inayojitegemea. Albamu ya "Slide It In" ya Whitesnake ilitoka Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1984 ikiwa na magitaa ya Micky Moody na Mel Galley na besi ya Colin Hodgkinson. Kampuni ya Geffen, iliyokuwa na haki za Marekani, iliona sauti hiyo haitawavutia wasikilizaji wa huko, na katika toleo la Marekani, lililochanganywa upya na Keith Olsen, sehemu za Moody ziliondolewa na kupigwa na John Sykes, na besi ikapigwa upya na Neil Murray. Hivyo katika mwaka mmoja jina moja la albamu lilibeba rekodi mbili, moja ikiegemea mwendo wa bluzi na nyingine ikiwa na makali ya roki nzito iliyopendwa Marekani wakati huo. Kilichoiokoa kazi hii isiwe dhuluma ni kwamba matoleo yote mawili yaliendelea kuwepo, na toleo la maadhimisho la mwaka 2019 liliyaweka pamoja, kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuamua mwenyewe lipi linamfaa.

Kifo kinaongeza uzito wa swali, kwa sababu marehemu hawezi kukubali wala kukataa. Jimi Hendrix alifariki tarehe 18 Septemba 1970 na kuacha kanda nyingi ambazo hazijakamilika. Mtayarishaji Alan Douglas alizichukua baadhi yake, akabakiza sauti na gitaa la Hendrix, akaziondoa ala za wenzake waliopiga naye na kuwaweka wanamuziki wa studio, akiwemo mpiga gitaa Jeff Mironov, kisha akatoa albamu za "Crash Landing" na "Midnight Lightning" mwaka 1975. Ya kwanza ilifika nafasi ya 5 Marekani, jambo linalothibitisha kwamba biashara haikukosea hesabu. Lakini kisanii, gitaa la Hendrix lilikuwa mazungumzo: alipiga kwa kumjibu mpiga ngoma na mpiga besi waliokuwa mbele yake, naye akijibiwa nao. Kuwaondoa waliojibizana naye na kuwaweka watu waliokuja miaka kadhaa baadaye ni kubakiza majibu baada ya kuyafuta maswali. Familia ya Hendrix ilipopata udhibiti wa kazi zake mwaka 1995, matoleo yaliyofuata yalirudi kwenye kanda za awali.

Hatua iliyo nzito kuliko zote ni kubadilisha rekodi iliyokwisha kuuzwa na kupendwa. Frank Zappa alifanya hivyo mwenyewe katikati ya miaka ya 1980 alipozitayarisha upya "We're Only in It for the Money" na "Cruising with Ruben & the Jets", zote za mwaka 1968, kwa kuweka besi mpya ya Arthur Barrow na ngoma mpya za Chad Wackerman. Zappa alikuwa mtunzi na kiongozi wa bendi, na kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba alikuwa akikisahihisha kitabu chake. Hata hivyo sauti ya miaka ya 1980 haikukaa vizuri juu ya kazi ya 1968, na mwaka 1995 albamu ya "We're Only in It for the Money" ilitolewa tena kama ilivyokuwa mwanzo. Mfano wa Ozzy Osbourne una uchungu zaidi. Bob Daisley na Lee Kerslake, waliopiga besi na ngoma katika "Blizzard of Ozz" ya mwaka 1980 na "Diary of a Madman" ya mwaka 1981, walikuwa katika mgogoro wa kisheria wa malipo na haki, na matoleo ya mwaka 2002 yalipotoka, kazi yao ilikuwa imefutwa na kupigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Gitaa la Randy Rhoads, aliyefariki mwaka 1982, lilibaki, lakini sasa lilisindikizwa na watu ambao hawakuwa naye chumbani. Mashabiki walilalamika, na mwaka 2011 albamu zote mbili zilirudishiwa sauti zao za awali. Inafaa kukumbuka kuwa jalada la "Diary of a Madman" lilikuwa tangu mwanzo limewataja Rudy Sarzo na Tommy Aldridge badala ya waliopiga kweli, kiasi kwamba Daisley na Kerslake walifutwa mara mbili, kwanza kwa majina na baadaye kwa sauti.

Dhidi ya mwelekeo huo kumekuwa na juhudi za kurejesha, na hizo pia zina maadili yake. Mwaka 2012 Ezrin aliichanganya upya "Destroyer" na kuirudisha solo ya Frehley katika "Sweet Pain", lakini toleo lenye solo ya Wagner likawekwa mwishoni mwa albamu hiyohiyo, na hivyo haki ya mmoja haikupatikana kwa kumfuta mwingine. Metallica waliamua vinginevyo kuhusu "...And Justice for All" ya mwaka 1988, ambamo besi ya Jason Newsted, aliyejiunga na bendi baada ya kifo cha Cliff Burton mwaka 1986, imeshushwa hadi karibu haisikiki. Mashabiki wameomba kwa miaka mingi besi hiyo ipandishwe, lakini toleo la mwaka 2018 liliuacha mchanganyiko wa zamani kama ulivyo. Uamuzi huo unaweza kuonekana wa kikaidi, ila una msingi: albamu hiyo, pamoja na kasoro yake, ndiyo iliyosikika mwaka 1988 na kuwaathiri waliokuja nyuma. Njia bora ingekuwa kutoa mchanganyiko mwingine kando yake, kwani Newsted anastahili kusikika na historia inastahili kubaki.

Sheria imelifikia jambo hili kwa kuchelewa. Mkataba wa Shirika la Haki Miliki Duniani kuhusu maonyesho na rekodi za sauti, uliopitishwa Geneva Desemba 1996, unampa mpigaji haki mbili za kimaadili, yaani haki zinazohusu heshima yake na si malipo: kutambuliwa kuwa ndiye aliyepiga, na kupinga kupotoshwa kwa kazi yake kwa namna inayoidhuru sifa yake. Haki ya kwanza inagusa moja kwa moja ukimya wa majalada. Ya pili ina pengo, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya kazi iliyopotoshwa na haisemi wazi lolote juu ya kazi iliyoondolewa yote. Mpigaji aliyefutwa kabisa hana tena sehemu ndani ya rekodi ambayo anaweza kusema imeharibiwa. Mikataba ya studio, ambayo kwa kawaida humpa mwenye kanda mama uhuru wa kuihariri, hulipanua pengo hilo zaidi.

Pengo hilo sasa ni la hatari kuliko zamani, kwani programu za akili mnemba zinaweza kutenganisha ala zilizorekodiwa pamoja katika njia moja. Toleo jipya la "Revolver" la mwaka 2022 lilichanganywa kwa kutumia uwezo huo, na wimbo wa The Beatles wa "Now and Then", uliotoka Novemba 2023, ulitokana na sauti ya John Lennon iliyotenganishwa na kinanda chake. Katika wimbo huo McCartney aliongeza solo kwa mtindo wa Harrison, aliyefariki mwaka 2001, lakini gitaa ambalo Harrison alilirekodi mwaka 1995 likabakizwa, na wote wakatajwa. Huo ni mfano mwema, ila chombo chenyewe hakichagui mikono. Rekodi za njia moja, ambazo zamani zililindwa na ufinyu wa mitambo, hazina tena ulinzi huo, na hali hiyo inazigusa pia kanda ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwa bendi kama NUTA Jazz na Western Jazz, ambamo solo, rithimu na besi vimekaa pamoja.

Kutokana na mifano hii, kanuni tatu zinatosha kupima kila badiliko: kwamba aliyepiga atajwe, hata kama alikodiwa kwa saa moja; kwamba kanda mama isifutwe kwa sababu ya ugomvi, deni au mtindo wa soko; na kwamba toleo lililobadilishwa liuzwe kwa jina linaloonyesha badiliko hilo, huku la awali likiendelea kupatikana. Whitesnake mwaka 2019 na Kiss mwaka 2012 wameonyesha kuwa kuyaweka matoleo mawili pamoja kunawezekana bila kumnyima yeyote haki yake. Kampuni za muziki, warithi wa wanamuziki na watunzaji wa hifadhi za sauti wanapaswa kuziandika kanuni hizo katika mikataba yao sasa, kabla kanda zilizobaki hazijaguswa, kwa kuwa sehemu iliyofutwa bila nakala hairudi, na aliyeipiga hubaki bila ushahidi wa kazi ya mikono yake.